Shangazi, tuwachangie farasi gani Krismasi hii?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wanne. Nimezaliwa Kivu Kusini, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa naishi Lexington, Kentucky. Huku Waswahili tupo wengi, unga wa muhogo unaununua bila kusema neno la Kiingereza. Kazi yangu ni usaisi. Natunza farasi majike kwenye shamba la kuzalisha farasi wa mbio: nawalisha, nawapiga brashi, nasafisha mabanda, na kuanzia Januari tunakesha tukisubiri wazae.

Kila Desemba sisi wa banda letu tunachangishana. Tuko kumi na wanne, Wakongo watano, waliobaki ni Waguatemala na Wamarekani. Kila mtu anatoa dola 60, jumla 840. Miaka ya nyuma pesa hiyo ilikuwa inakwenda kwa mwenzetu aliyeugua au aliyefiwa. Mwaka huu tunamshukuru Mungu hakuna aliyefikwa na jambo, ndipo mmoja akasema safari hii tuwape farasi, maana ndio wanaotulisha. Wote wakaitikia, wakanichagua mimi niwe mweka hazina. Balaa ikaanzia hapo.

Mmoja anataka tuwasaidie majoki, wale wapanda farasi wa mbio, walioumia. Mwingine anasema tuchangie utafiti wa mifupa ya farasi, eti ndiyo dawa ya kudumu. Kuna kijana kila jioni anaturushia kwenye kundi la WhatsApp picha ya farasi aliyekonda, chini imeandikwa kwamba asipopatikana mtu wa kulipa dola 950 kufikia Ijumaa, anapandishwa lori kwenda kuchinjwa Meksiko. Kijana anasema tumebakisha kidogo tu, tuongeze tumkomboe.

Mimi nina langu moyoni. Tulikuwa na jike mmoja tukimwita Bibi, ana miaka kumi na minane, ana baka jeupe usoni, na kila asubuhi anagonga ndoo kwa kwato mpaka apewe chakula wa kwanza. Misimu miwili hakushika mimba. Januari akapelekwa mnadani. Sijui nani alimnunua, na sikuwa na mdomo wa kuuliza. Tangu siku hiyo najiuliza majike wetu wanaishia wapi.

Nyumbani nako hakukaliki. Mke wangu ananiambia, "Unachangia farasi wa matajiri na mama yako Uvira hajaezekewa bati?" Mzee wa kanisa naye kasema mbio za farasi ni kamari, pesa inayokwenda huko haina baraka.

Shangazi, nipe njia. Pesa ninayo mkononi na sikukuu hiyo inakuja.

Saisi, Lexington

Marahaba mwanangu. Pole kwa uweka hazina, ndicho cheo pekee duniani ambacho mtu hupewa kwa makofi na kunyang'anywa kwa maneno.

Nianze na hiyo picha, maana ina siku yake ya mwisho na nyinyi mko mbioni kuongeza hela. Msilipe. Najua itakuwa vigumu kumwambia kijana, kwa hiyo mweleze biashara yenyewe inavyokwenda. Marekani haina machinjio ya farasi yanayofanya kazi tangu 2007, mwaka ambao yale matatu ya mwisho, mawili Texas na moja Illinois, yalifungwa. Farasi asiyetakiwa huuzwa kwenye minada ya bei ya chini, madalali humnunua, na lori huelekea Meksiko au Kanada. Hayo ni kweli na yanauma. Lakini madalali waligundua zamani kwamba mtu mwenye huruma na simu mkononi hulipa kuliko mchinjaji. Tuseme dalali amemnunua farasi kwa dola 300. Akimpiga picha ya huzuni na kumwekea siku ya kufa, anamuuza 950. Mkishalipa, wiki inayofuata anarudi mnadani na hela yenu kununua mwingine, na picha nyingine inaingia kwenye kundi lenu. Halafu huyo mliyemkomboa mtampeleka wapi? Farasi wa minadani amechanganyika na wagonjwa, anahitaji kutengwa wiki kadhaa, daktari, na banda ambalo nyinyi hamna.

Kama kijana bado anashikilia, mpe kazi: aombe namba. Wewe umeshainua mdomo wa juu wa farasi wa mbio ukaona chale ndani yake, herufi moja na tarakimu, na ile herufi inataja mwaka aliozaliwa. Waliozaliwa kuanzia 2017 wana chipu shingoni. Kwa namba hiyo The Jockey Club, ambao ndio wenye daftari la farasi wa damu safi wa Marekani, yaani aina ya farasi wa mbio iitwayo Thoroughbred, wanaweza kumtambua. Tena wana huduma ya bure iitwayo Thoroughbred Connect, ambayo mtu anajiandikisha kwamba farasi fulani akikosa pa kwenda apigiwe simu. Mara nyingine aliyemzalisha au mmiliki wa zamani hakujua yuko wapi, akiambiwa anakuja na trela siku hiyo hiyo. Muuzaji akikataa kutoa namba, mjadala umekwisha.

Sasa hao wenzako wawili. Hawajasema vibaya. Majoki wengi wa Marekani si waajiriwa, kila mmoja ni mtu wa kujitegemea, akivunjika uti wa mgongo Jumamosi, Jumatatu hana mshahara. Ndiyo maana 2006 ulianzishwa mfuko uitwao Permanently Disabled Jockeys Fund, ambao kila mwezi huwatumia fedha majoki wa zamani wapatao 60, wengi wao wako kwenye viti vya magurudumu au waliumia ubongo. Uingereza walitangulia: Injured Jockeys Fund ilizaliwa 1964 baada ya majoki wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza kwa kuanguka katika muda wa miezi michache, na hadi leo wapenzi wa mbio kule hununua kadi za Krismasi za mfuko huo, na wengi huujua kwa kadi hizo. Banda lenu lingekuwa la majoki ningekuambia peleka huko, tuachane. Utafiti nao una Grayson-Jockey Club Research Foundation, mfuko ulioanza 1940, unaolipia kazi za madaktari wa mifugo vyuoni. Ni kazi nzuri. Ila utafiti unaendeshwa kwa fedha nyingi zinazotoka kwa wenye fedha nyingi, na dola 840 zitaingia humo zisionekane zimekwenda wapi. Huo ni mtazamo wangu, mwenzako ana haki ya kuninunia.

Nikisoma barua yako naona jibu mlikuwa nalo, ila limejificha kwenye habari za Bibi. Nyinyi ni watu wa majike. Hebu piga hesabu na mimi. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo kumi za nyasi kwa siku, na huko Kentucky majira ya baridi malisho yanalala, nyasi kavu zinanunuliwa. Hiyo ni zaidi ya tani tatu na nusu kwa mwaka, hujamlipa fundi wa kwato ambaye lazima apite kila baada ya wiki sita hadi nane. Farasi wa mbio wengi wanastaafu wakiwa na miaka minne, mitano, sita. Wanaishi mpaka ishirini na tano na zaidi. Na kila mwaka Marekani wanaandikishwa watoto wa farasi kama 17,000. Dume au jike aliyetoka uwanjani akiwa kijana ana bahati, anaweza kufundishwa upya kuruka vizuizi au kubeba watoto wa shule. Jike aliyezaa miaka kumi na miwili mfululizo, mgongo umebonyea, hajapandwa na mtu tangu akiwa na miaka minne, huyo hana soko. Ndiye anayeanguka kwenye ule mnada wa bei ya chini.

Na usidhani jina kubwa linaokoa. Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu kuliko zote Marekani, ya 1986, mwaka uliofuata akawa farasi bora wa mwaka, akauzwa Japani kuzalisha. Wateja walipopungua alichinjwa mwaka 2002 hivi, na mashabiki wake wakapata habari baadaye gazetini. Wakati huo huo huko huko kwenu palikuwa na Our Mims, jike bingwa wa umri wa miaka mitatu wa 1977, mama mmoja na Alydar, farasi mwingine maarufu wa mbio, kazaliwa Calumet, shamba ambalo bila shaka umepita kwenye uzio wake mweupe. Uzeeni alikutwa kwenye malisho ya ng'ombe, hali yake si nzuri. Mwanamke mmoja akamchukua akamtunza mpaka akafa, kisha akaanzisha makazi ya majike wazee kwa jina lake, Our Mims Retirement Haven, pale Paris, nusu saa kwa gari kutoka Lexington. Habari ya Ferdinand ndiyo iliyowashtua wengi wakaanza kuuliza farasi wanakwenda wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa shirika lolote mtakalolipigia simu liwe hili: mnapokea majike waliozeeka? New Vocations, ambao walianza Ohio mwaka 1992 na wana kituo hapo Lexington, ni mahodari wa kufundisha farasi upya na kuwatafutia watu wa kuwachukua, lakini kazi yao hasa ni farasi anayeweza kupandwa. Old Friends ya Georgetown, iliyoanzishwa 2003 na mwandishi mstaafu wa habari za sinema, wao huwatunza wazee mpaka kufa, na Silver Charm, mshindi wa Derby ya 1997, alirudishwa kwao kutoka Japani 2014. Pale utaona watalii na mabasi. Kwa Our Mims, kule Paris, ni padogo na pa kimya zaidi. Mimi ningeanza simu zangu Paris.

Swali la pili ni gumu kidogo na watu huona haya kuliuliza: mwaka huu mmekataa farasi wangapi? Mwenye kituo makini atakujibu bila kigugumizi, kwa sababu anajua ana banda ngapi na nyasi kiasi gani. Anayekuambia kwamba hajawahi kumkataa farasi hata mmoja, ogopa. Thoroughbred Retirement Foundation ni kati ya mashirika ya zamani kuliko yote ya kazi hii. Ndio walioanza mwaka 1984 kuwapa wafungwa wa gereza la Wallkill, New York, farasi wastaafu wawatunze, na hapo Lexington wana mpango kama huo kwenye gereza la Blackburn. Kazi yenye heshima. Lakini walipokea farasi mpaka wakapita elfu moja, wakawatawanya kwenye mashamba ya watu kwa mkataba, malipo yakachelewa, na 2011 gazeti la New York Times likaandika kwamba baadhi yao wamekonda na wametelekezwa. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa New York akawapeleka mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano, na shirika likaendelea na kazi. Walioanzisha hawakuwa wezi. Walishindwa kusema hapana.

Baada ya simu, makaratasi, na hapa sitakuchosha. Tazama kama shirika lina ithibati ya Thoroughbred Aftercare Alliance. Hao wako hapo hapo Lexington tangu 2012, wanakagua mabanda, huduma ya daktari, uendeshaji na utaratibu wa kuwagawa farasi, kisha wanatoa ruzuku kwa waliopita. Orodha yao ipo wazi. Halafu fungua fomu 990, ile ambayo mashirika ya hisani hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma mtandaoni, na mwanao wa sekondari atakutafutia kwa dakika tano. Wenye mapato madogo, dola 50,000 kushuka, wanajaza kikaratasi kifupi kisichosema mengi, hao utawajua kwa kwenda kuwaona. Na wewe, mwanangu, una kitu ambacho mtoaji wa New York hana. Ukiingia bandani unajua kwa kutazama kwato na mbavu kama farasi anatunzwa. Nenda Jumapili moja baada ya ibada, na watoto. Tazama maji ya kunywa kwanza.

Kuna jambo la majira nataka mlifikirie. Kuanzia ile Jumanne ya baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwishoni mwa Novemba, mpaka mkesha wa mwaka mpya, kila shirika linaomba, na watu wanatoa. Januari mosi farasi wote wa mbio wa huko wanahesabiwa wameongeza mwaka mmoja, wakubwa kwa wadogo, na siku hiyo hiyo simu za wafadhili zinanyamaza. Februari ndipo nyasi zinapokwisha. Dola 840 ukizigawa kwa miezi kumi na miwili ni 70 kila mwezi, na mwenye kituo kidogo anazipangia matumizi, anajua zinakuja. Isipokuwa kama mfadhili fulani ameahidi kwamba kila dola itakayotolewa Desemba ataiongezea dola nyingine. Hapo toeni zote, ila hakikisheni ahadi hiyo imeandikwa kwa tarehe na kiwango.

Msizikate vipande vinne ili kila mtu afurahi. Mtalipa gharama za kutuma mara nne na hakuna atakayewakumbuka.

Bosi wako pia ana la kufanya. Mkishachagua, andikeni barua fupi, mtie sahihi wote kumi na wanne, mwombe shamba liongeze 840 nyingine. Watu wenye mali wanaona haya kushindwa na watu wa mabanda yao. Na kwenye barua hiyo hiyo ulizeni kama kila jike anayetoka shambani anaweza kuandikishwa Thoroughbred Connect kwa jina la shamba. Hilo halina gharama. Sasa mna mdomo wa kuuliza, kwa sababu mnauliza mkiwa na mchango mkononi.

Kama mtu akisimama kikaoni akasema binadamu kwanza, msikilizeni. Hapo Lexington kuna Blue Grass Farms Charities, wanaohudumia familia za wafanyakazi wa mashamba ya farasi, yaani nyinyi wenyewe. Louisville, nyuma ya uwanja wa Churchill Downs, Backside Learning Center hufundisha Kiingereza wafanyakazi wa mabanda na kuwasimamia watoto wao masomo. Kwa desturi yenu ya kumsaidia aliyefiwa, wengi watavutwa huko, na mimi nisingegombana nao. Mwaka ujao huenda mmoja wenu akahitaji, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba akipatikana mgonjwa, zile 70 za mwezi zinasimama.

Sasa nyumbani. Mkeo hajakosea, na usimjibu kwa habari za Ferdinand. Bati la mama ni deni, na deni hulipwa kabla ya sadaka. Kaa naye, wekeni kwenye daftari ni shilingi ngapi, maana dola, zinakwenda Uvira kila mwezi na lini paa litaisha. Akiona tarehe, zile 60 za farasi hazitamsumbua. Akiona hakuna tarehe, atakuwa na haki ya kusumbuka. Ikiwa 60 inawaumiza kweli, toa 20 na uwaambie wenzako wazi. Mweka hazina hana amri ya kutoa kuliko uwezo wake.

Mzee wa kanisa mjibu kwa adabu. Kumnunulia nyasi jike mzee hakuna tiketi wala dau ndani yake. Akiendelea, muulize taratibu fungu lako la kumi limekuwa likitoka kwenye mshahara gani miaka yote hii. Na kama anapenda habari, mwambie kwamba Louisville kuna zahanati ya wafanyakazi wa viwanja vya mbio Kentucky ambayo fedha zake zinatokana na tiketi za kamari zilizoshinda na wenyewe hawakuja kuzidai. Atapata la kuhubiri.

La mwisho ni la kikazi. Usitume kwa Cash App, ile programu ya kutumiana pesa kwa simu, ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mkurugenzi. Tuma kwa akaunti ya shirika au hundi yenye jina la shirika. Picha ya uthibitisho iweke kwenye kundi siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kabla mtu hajauliza. Risiti itakuja kwa jina la aliyetuma, yaani wewe, na kwa mamlaka ya kodi itaonekana umetoa 840 peke yako. Mwenzako anayetaka kudai zile 60 zake kwenye kodi itabidi atume mwenyewe, kwa jina lake. Waambie hilo wiki hii, siyo Aprili watu wakijaza fomu za kodi.

Shangazi